Gari limegoma kuwaka kwa baridi: lisikilize kwanza, ndipo ununue kifaa

#1 · Mleta uzi, Minneapolis

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio katika nchi na majimbo ya theluji.

Tangu baridi iliposhuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri wiki iliyopita, simu yangu haijapumzika. Kila alfajiri hupiga ndugu mmoja, leo wa Brooklyn Park, kesho wa Saint Paul, na neno ni lile lile: "Fundi, gari limegoma." Ninapouliza limegoma vipi, wengi hawana jibu, kwa sababu wamekwisha kuamua kwamba ni betri, au jirani amewaambia kwamba ni stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kununua kifaa kipya kabla ya kunipigia. Nimeifanya kazi ya ufundi kwa miaka 19, minane nikiwa Arusha na 11 hapa Minnesota, na kinachoniumiza kuliko ugumu wa kazi yenyewe ni kuona mtu anayefanya zamu mbili akitoa pesa kwa ajili ya kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Kwa hiyo naomba tuanzie hapa. Gari likigoma, kaa kwenye kiti, zima redio, hita na taa, kisha zungusha ufunguo mara moja tu huku ukisikiliza na kutazama dashibodi.

Ukisikia mlio wa haraka unaojirudia kama cherehani, na taa za dashibodi zikafifia au zikacheza, betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake vimeota ukungu mweupe au wa kijani unaozuia umeme kupita. Ukisikia mlio mmoja tu mzito, "tak", halafu kimya, na taa hazikufifia hata kidogo, shuku stata au waya unaokwenda kwake. Injini ikizunguka taratibu, kama mtu anayepandisha mzigo kilimani, betri imedhoofishwa na baridi au oili iliyomo ni nzito mno. Ikizunguka kwa kasi yake ya siku zote lakini haishiki moto, iache betri kabisa, maana imekwisha kutimiza wajibu wake. Tatizo liko kwenye mafuta au plagi, au gari halijautambua ufunguo. Na kukiwa kimya kabisa ilhali taa zinawaka vizuri, jaribu kwanza kuhamisha gia kutoka P kwenda N, kisha ubadilishe betri ndogo iliyomo ndani ya ufunguo, kwa sababu nayo hudhoofika kwa baridi na hugharimu pesa kidogo sana.

Sasa niseme zaidi juu ya betri, kwa kuwa ndiyo chanzo cha magari mengi yanayolala barabarani miezi hii. Ndani ya betri umeme hutokana na kemia, na kemia hupungua kasi katika baridi. Ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake za kuwashia, na saa hiyo hiyo oili ya injini imekuwa nzito kama asali, hivyo injini inadai nguvu nyingi zaidi kutoka kwa betri iliyobaki na kidogo. Betri mpya huweza kuubeba mzigo huo. Ya miaka mitano huenda isiweze. Watu wengi hushangaa ninapowaambia kwamba kilichoiharibu betri yao si Januari bali ni Julai, kwa maana joto ndilo linalokula sahani za ndani, na baridi huja tu kuonyesha uharibifu uliokwisha kutokea.

Nunua mita ya kupimia volti; ya bei ya chini kabisa inatosha. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 maana yake imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu, na ikisoma 12.0 au chini ya hapo usiilaumu bado, inahitaji kuchajiwa polepole na kupimwa upya kabla ya kuhukumiwa. Kisha washa gari na upime tena: ukiona kati ya 13.8 na 14.7, alteneta, yaani jenereta ya gari, inachaji betri. Ukiona 12 na kitu huku injini inanguruma, betri mpya haitakusaidia, kwa kuwa itakufa kama ile ya kwanza baada ya siku chache. Mnaponunua, tazameni herufi CCA kwenye lebo. Namba iliyo karibu nazo hueleza ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa huku kwetu msikubali iliyo chini ya kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari.

Kuhusu kubusti kutoka gari jingine: waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili iende kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Sababu ya hiyo ncha ya mwisho ni cheche. Betri hutoa haidrojeni, nayo ni gesi inayolipuka. Halafu subirini dakika tano hivi kabla ya kupiga stata. Jambo moja nawasihi sana: betri iliyoishiwa chaji huweza kuganda hata katika nyuzi chache chini ya sifuri, ilhali iliyojaa hustahimili baridi ya kutisha. Ukiona imevimba ubavuni, au ukiona barafu ndani yake, usiibusti wala kuichaji. Iondoe na uibadilishe.

Mwisho, kwa wanaoniuliza juu ya upepo: ule ubaridi wa upepo unaotangazwa redioni ni wa ngozi ya binadamu. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, injini haitashuka chini ya nyuzi 20 hata upepo uvume namna gani. Itapoa haraka zaidi tu. Kwa hiyo kuegesha mahali palipokingwa na upepo husaidia kwa saa chache baada ya kuzima gari, si kwa usiku mzima.

Karibuni kwa maswali. Nawaombeni mtaje mlio, hali ya taa, na volti kama mmepima.

#2 · Dereva wa lori, Fargo

Fundi, shikamoo, na ahsante kwa elimu hii. Mimi naendesha lori la dizeli. Wiki iliyopita nilijaza matangi Oklahoma, nikapandisha kaskazini, na nilipokuwa kwenye barabara kuu ya 94 kuelekea Bismarck, lori likaanza kupoteza nguvu kidogo kidogo, kisha likazima. Stata inazunguka vizuri kabisa, betri ni mpya. Nilivutwa kwa gharama kubwa. Ni pampu?

#3 · Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usiku huo.

Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako. Stata inazunguka vizuri, kwa hiyo umeme si tatizo. Nguvu zilipungua taratibu badala ya kukatika ghafla, kwa hiyo mafuta yalikuwa yakizibwa njiani. Na ulijaza Oklahoma. Dizeli ya kawaida, ile namba 2, ina nta ndani yake kwa asili, na baridi ikizidi nta hiyo huanza kujitenga, mafuta yakawa na ukungu, kisha chembe zake zikanasa kwenye filta mpaka injini ikafa njaa huku tangi limejaa. Vituo vya kaskazini huchanganya dizeli namba 1, ambayo ina nta kidogo, lakini kituo cha kusini hakina sababu ya kufanya hivyo. Mafuta uliyoyabeba yalikuwa ya hali ya hewa ya huko ulikoyanunua. Dizeli iliyochanganywa na ya mimea huganda mapema zaidi, ndiyo maana hapa Minnesota sheria hupunguza kiwango chake kutoka asilimia 20 wakati wa joto hadi asilimia 5 wakati wa baridi.

Kabla ya kugusa pampu, badilisha filta ya mafuta, ile ya zamani uikate na uitazame. Ukikuta utando mweupe kama mafuta ya kupikia yaliyoganda, umepata mhalifu. Safari ijayo panga kilomita zako ili uingie Dakota ukiwa na tangi lililopungua, ulijaze huko huko. Dawa ya kuzuia nta imwagwe tangini kabla ya kujaza, ili ichanganyike, na ni lazima iwe mafuta bado ni safi, kwa sababu nyingi kati ya dawa hizi huzuia nta isishikamane lakini haziyeyushi iliyokwisha kuganda. Usiongeze petroli, hata kama madereva wa zamani wanakushauri, kwa kuwa pampu na nozeli za siku hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Na usikubali mtu yeyote awashe moto chini ya tangi.

Kwa kuwa unatumia breki za upepo, mwaga maji ya matangi ya upepo kila siku. Unyevu ukiganda ndani ya mabomba, breki hung'ang'ania au hazishiki, na hilo halisubiri gereji.

#4 · Muuguzi, Saint Paul

Kaka fundi, naomba msaada, maana sijalala vizuri. Gari langu huwaka kwa shida asubuhi, linazunguka polepole sana. Nililipeleka gereji moja, wakafungua kifuniko cha oili, wakanionyesha kitu cheupe kama maziwa yaliyochanganyika na oili, wakasema gasketi ya silinda hedi imekufa, na bei waliyonitajia inazidi nusu ya thamani ya gari. Tena wamesema moshi mweupe unaotoka nyuma ni ushahidi. Nakaa dakika sita tu kutoka hospitali ninakofanya kazi. Nikubali?

#5 · Mleta uzi

Dada yangu, usikubali bado, na wala usiwe na hofu.

Injini inapochoma petroli hutoa maji kwa namna ya mvuke. Sehemu ya mvuke huo hupenya hadi kwenye oili, na injini ikipata moto kamili maji hayo hukauka yenyewe. Wewe unaendesha dakika sita katika baridi kali, ukazima kabla oili haijapata moto, kisha baada ya zamu ukarudia vile vile. Maji hayapati nafasi ya kukauka, hivyo hujikusanya mahali penye ubaridi kuliko pote, yaani chini ya kifuniko, yakawa hiyo maziwa uliyoonyeshwa. Nimeyaona katika mamia ya magari yenye afya. Na moshi mweupe wa asubuhi ni mvuke ule ule unaotoka kinywani mwako ukipumua nje.

Gasketi, yaani kizibo kinachozuia kulanti isichanganyike na oili ndani ya injini, ikiwa imekufa kweli kuna dalili nyingine. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, hupungua bila kuonekana inakovujia. Moshi mweupe huendelea hata baada ya nusu saa ya mwendo, tena una harufu ya utamu. Oili yenyewe kwenye kijiti cha kupimia, si ya kifuniko tu, huwa imegeuka rangi. Injini huchemka au hutetemeka inapowaka. Fanya hivi: weka alama kwa kalamu kwenye chombo cha kulanti, injini ikiwa baridi. Futa kifuniko kwa kitambaa. Siku yako ya mapumziko, endesha kwenye barabara kuu kwa dakika 40 au 50 bila kusimama, kisha ukague kifuniko na kijiti. Baada ya wiki tazama alama yako. Kama wasiwasi utabaki, kuna kipimo cha kemikali kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta na kugeuka rangi kikikutana na gesi ya injini. Ni cha bei ndogo, na gereji yoyote inayotaja gasketi ilipaswa kukifanya kabla ya kukutajia bei.

Kuhusu kuzunguka polepole, hilo ni jambo jingine kabisa, nami sioni kwa nini walilifunga pamoja na gasketi. Safari za dakika sita hazitoshi kurudisha umeme unaotumika kuwashia, hasa ukiwa na hita, taa na kipasha joto cha kioo cha nyuma vyote vinafanya kazi. Pima volti asubuhi utuletee hapa, na utuambie oili uliyowekewa ni ya namba gani. Ukiona 0W-20 au 5W-30, herufi W ni ya majira ya baridi, na namba inayoitangulia ikiwa ndogo oili huwa nyepesi zaidi katika baridi. Ile 20W-50 tuliyoizoea kwenye magari ya nyumbani haifai hapa hata kwa dharura.

#6 · Mchangiaji, Edmonton

Fundi, hita yangu hutoa hewa ya moto nikiwa barabara kuu, lakini nikisimama kwenye taa hewa inakuwa baridi. Nimekuwa nikiongeza maji kwenye rejeta kila wiki kama tulivyokuwa tukifanya Nakuru.

#7 · Mleta uzi

Ndugu, tafadhali acha kuongeza maji leo hii, tena kabla ya usiku kuingia.

Hita haina moto wake. Huazima ule wa injini kupitia kulanti. Kulanti ikipungua, hewa huingia kwenye mabomba, na pampu ikizunguka polepole unaposimama haina nguvu ya kuifikisha kulanti kwenye hita, lakini ukikanyaga mafuta inafika. Kwa hiyo dalili yako ni ya upungufu, na upungufu wa kila wiki una mvujo. Mazulia ya upande wa abiria yakiwa na majimaji, vioo vikishika utando wa mafuta, na ukisikia harufu tamu ndani, inavuja rejeta ndogo ya hita. La sivyo kagua pampu ya maji na mipira.

Hatari kubwa ni hayo maji. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini kila lita ya maji unayoongeza hupunguza kinga hiyo, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chuma cha injini hakina pa kukimbilia, kitapasuka. Wala usifikiri kwamba kuweka kulanti tupu ni bora zaidi. Kulanti isiyochanganywa huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri, mapema kuliko ile ya nusu kwa nusu. Kipimo cha kulanti chenye vijipira ni cha bei ndogo sana. Ukimwaga, kusanya kila tone, maana ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na wanyama huvutiwa nayo.

Kwa wasomaji wengine: kama hita ni vuguvugu siku zote na mshale wa joto haupandi kabisa, hiyo ni themostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti, iliyokwama wazi, kazi ndogo. Na kwa kuwa uko Edmonton, kama injini yako ina hita ya umeme ya kuchomeka ukutani, itumie. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, kwa hiyo nunua swichi ya saa ili usilipie umeme wa usiku kucha.

#8 · Mwanafunzi, Duluth

Jana nilichimbua gari kutoka kwenye theluji, na sasa usukani unatikisika vibaya nikipita kilomita 60 kwa saa. Pia taa ya upepo wa tairi imewaka.

#9 · Mleta uzi

Tazama ndani ya rimu. Theluji imeganda upande mmoja na tairi limepoteza uwiano. Ibomoe kwa mti au uoshe gari kwa maji ya moto ya mashine, mtikisiko utakwisha. Taa ya tairi ni kwa sababu upepo hupungua karibu PSI 1 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi.

#10 · Fundi mwenzenu, Columbus

Nakubaliana na mengi, lakini umesahau kuwaambia waiache injini ikinguruma dakika 15 au 20 ipate moto kabla ya kuondoka. Baba yangu alinifundisha hivyo.

#11 · Mleta uzi

Mkuu, baba yako alifundisha sawasawa kwa magari ya kabureta ya wakati wake. Injini za siku hizi, ambazo kompyuta huzinyunyizia petroli, humwaga petroli nyingi zikiwa baridi, na zikiachwa zikinguruma mahali pamoja hupata moto polepole mno, petroli ya ziada ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Mimi huacha dakika moja, na katika baridi kama ya wiki hii dakika tano hivi ili vioo visafike, kisha huendesha taratibu bila kulazimisha kwa kilomita chache za kwanza.

Lakini kuna sababu nzito kuliko injini. Usiwashe gari ndani ya gereji ya nyumbani, hata mlango ukiwa wazi, na gari likiwa limezungukwa na theluji, fukua kwanza bomba la moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliokaa ndani ya gari wakijipasha joto. Tafadhali waambieni wageni waliofika mwaka huu, kwa maana katika nchi za kwetu hakuna aliyewahi kulazimika kuyajua haya.

#12 · Muuguzi, Saint Paul

Kaka fundi, nimerudi na majibu. Jumamosi niliendesha hadi Saint Cloud na kurudi. Kifuniko ni kikavu, oili ya kijiti ni safi, na alama ya kulanti haijasogea kwa siku nane. Asubuhi betri ilisoma 12.0, na injini ikiwaka 14.2. Oili ni 5W-30. Lebo ya betri inaonyesha ina miaka sita.

#13 · Mleta uzi

Dada, alteneta ni nzima na injini ni nzima. Ichaji betri usiku kucha, kisha uipeleke kwenye duka la vipuri waipime ikiwa chini ya mzigo. Maduka mengi hupima bure. Kwa umri huo sidhani itapita. Ukinunua nyingine, safisha vichwa vya nyaya kwa brashi kabla ya kufunga, na angalau mara moja kwa wiki rudi nyumbani kwa njia ndefu.

#14 · Muuguzi, Saint Paul

Haikupita. Nimeweka mpya leo mchana, na jioni hii nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Limewaka kwa mpigo mmoja.